Maswali Yenu ya Macho: Retina imepona, mbona mtoto wa jicho kaja?

Meseji za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu kafanyiwa oparesheni ya jicho, kaona vizuri, familia imemshukuru Mungu, alafu baada ya miezi kadhaa ukungu unaanza na lawama zinaanza. Nimechagua chache. Hii ya kwanza nitakaa nayo sana maana mkiielewa hii, nyingine zitawaingia kirahisi.

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kwa niaba ya baba angu ana miaka 61 tunaishi Tanga. Mwaka jana jicho la kulia lilianza kuona vimulimuli na vidoa vyeusi vinaelea alafu giza likawa linashuka upande mmoja, tukampeleka hospitali kubwa wakasema retina imeachia, wakamfanyia oparesheni wakatoa ute wa ndani ya jicho wakaweka gesi, akalala kifudifudi siku zote tulizoambiwa. Kwa kweli alipona, gesi ilivyoisha akawa anasoma mpaka namba za daladala. Sasa imepita miezi kumi jicho lile lile lina ukungu, usiku taa za magari zinamtawanyikia, kliniki wanasema ni mtoto wa jicho, la kushoto halina kitu kabisa. Nyumbani ni ugomvi, baba mdogo anasema madaktari wameharibu tuwashtaki, mama anasema ni kwa sababu baba aliwahi kuanza kusujudu, na mimi nalaumiwa maana ndo niliyesaini. Dokta tumekosea wapi? Na akifanyiwa tena si ndo litaharibika moja kwa moja? – Binti wa mgonjwa, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na wewe uliyesaini maana naona mzigo wote umekuangukia wewe. Ulisaini sawasawa. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikishaachia hamna tone wala kidonge wala miwani ya kuirudisha, na kila siku inayopita bila oparesheni nafasi ya kuona inapungua, ikiachwa hivyo hivyo jicho linapofuka. Leo baba analalamikia ukungu, bila ile saini yako jicho lile lingekuwa giza tupu. Waambie hivyo nyumbani, waambie ni mimi nimesema.

Na mama mwambie kwa heshima kabisa kwamba kusujudu hakuleti mtoto wa jicho. Wiki za mwanzo daktari anaweza kumshauri mtu aswali kwenye kiti au kwa mkao fulani ili gesi ikandamize pale retina ilipochanika, hilo ni kwa ajili ya retina kushika. Ukungu unaokuja miezi kumi baadaye hauna uhusiano na sala yake.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Lenzi ya jicho iko nyuma ya mboni, haina damu wala mishipa, imejaa protini zilizopangika vizuri ndo maana mwanga unapita. Nyuma ya lenzi kuna ule ute mzito, kama mililita 4 hivi, sehemu kubwa kabisa ni maji. Wengi wanadhani ute upo pale kujaza nafasi tu, kumbe una kazi kubwa, una vitamini C nyingi na unaimaliza oksijeni inayovuja kutoka kwenye mishipa ya retina kabla haijafika mbele kwenye lenzi, maana lenzi inataka kukaa mahali penye oksijeni kidogo sana. Kwenye oparesheni aliyofanyiwa baba, inaitwa vitrektomi, daktari hana budi autoe huo ute kwa sababu ndo unaoivuta retina, na ukishatoka hauoti tena, jicho linatengeneza majimaji mepesi yanakaa pale badala yake, ila hayo hayana uwezo ule wa kuizuia oksijeni. Basi oksijeni inafika kwenye lenzi siku hadi siku na protini za katikati ya lenzi, yaani kiini chake, zinabadilika. Mmeona muuza chipsi akishamenya viazi anavyovitumbukiza haraka kwenye ndoo ya maji, akiviacha nje vinageuka rangi, mkosaji ni oksijeni hiyo hiyo. Kiini cha lenzi kinakuwa cha njano, baadaye kahawia, na kinakakamaa. Ndo huyo mtoto wa jicho wa baba. Jicho la kushoto liko salama kwa sababu ute wake bado upo.

Na msidhani hii ni hadithi ya madaktari kulindana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, akina Nancy Holekamp, Ying-Bo Shui na David Beebe, walitoa matokeo ya kupima oksijeni ndani ya macho ya wagonjwa pale pale mezani, kabla ute haujatolewa na baada ya kutolewa, wakakuta imepanda sana. Baadaye ikaonekana kitu ambacho mimi ndo kilinishawishi zaidi, wagonjwa wa kisukari ambao retina zao zimeharibika wana oksijeni kidogo ndani ya jicho, na ndo hao hao ambao baada ya vitrektomi hawapati huu mtoto wa jicho wa kiini kwa wingi kama watu wengine. Yaani mtu ambaye jicho lake ni gonjwa zaidi, lenzi yake ndo inadumu zaidi! Ukiliwaza hilo unaelewa kwamba mkono wa daktari sio wa kulaumiwa hapa.

Kwa mtu aliyevuka miaka 50 tafiti nyingi zinaonyesha kama watu 8 kati ya 10 wanapata mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili baada ya vitrektomi. Baba ana 61, miezi kumi, yuko katikati kabisa ya njia hiyo. Kijana wa miaka 30 akifanyiwa oparesheni ile ile anaweza kukaa miaka mingi bila shida.

Je daktari hawezi kukosea? Anaweza, siwafichi. Kifaa kikigusa lenzi wakati wa oparesheni ukungu unakuja haraka, siku chache au wiki chache, na tukio hilo linatakiwa liandikwe kwenye faili. Gesi nayo ikikaa imeegemea lenzi inaleta ukungu wa muda ambao kwa kawaida unaondoka wenyewe, hiyo ni sababu mojawapo ya kulala kifudifudi. Lakini mtu aliyeona mpaka namba za daladala kwa miezi alafu akafifia taratibu, huyo hakuguswa lenzi. Baba mdogo aiache hiyo kesi.

Kosa ninaloliona mimi ni lingine na linaniuma kila nikisoma barua kama yako. Hamkuambiwa. Hakuna aliyekaa na mzee kabla ya oparesheni akamwambia "mzee wangu, tukiokoa retina, mtoto wa jicho atakuja baadaye, na huyo tutamtoa." Maneno hayo hayamalizi dakika mbili. Familia inauza ng'ombe au inakopa kwenye kikoba ikidhani safari imeisha, kumbe kuna kituo kimoja bado, na ikifika hapo inaona imetapeliwa. Wenzangu mnaosoma safu hii, tafadhali semeni mapema. Na nyie wagonjwa mkiwa mmevuka miaka 50 ulizeni kabisa, "lenzi yangu ikoje, mnaitoa pamoja na ute au mnaiacha?" Kuna madaktari wanaofanya vyote kwa mkupuo mmoja pale lenzi inapokuwa imeshaanza kuchafuka, na kuna sababu nzuri za kufanya hivyo na nyingine nzuri za kutofanya, kutegemea jicho lenyewe.

Kuhusu oparesheni ya pili, hapana, haiendi kuharibu, wengi wanaona vizuri. Ila sio sawa na ya mtu ambaye jicho lake halijawahi kuguswa. Ute haupo nyuma ya lenzi kuishikilia, kwa hiyo lenzi inacheza mbele na nyuma wakati daktari anafanya kazi, na kifuko chembamba kinachoibeba kinaweza kuwa dhaifu na kuchanika nyuma. Daktari anayejua hilo kabla anajiandaa, asiyejua ndo anashtukizwa. Kwa hiyo msiende kwenye kambi ya macho mkapanga foleni mkakaa kimya. Nendeni na karatasi zote za mwaka jana, iliyoandikwa alifanyiwa nini, gesi gani, na kama sehemu ya katikati ya retina nayo ilikuwa imeachia au la. Kama zimepotea ombeni nakala pale alipotibiwa, ni haki yenu. Kabla ya oparesheni retina ikaguliwe tena, na kama ukungu ni mzito daktari haoni nyuma basi apigwe altrasaundi ya jicho.

Hamna haraka ya leo kesho. Muda wake ni pale ukungu unapomzuia kufanya anayotaka kufanya, lakini msikae miaka mkisubiri "aive," hilo neno la zamani naomba tuachane nalo, kiini kikizidi kukakamaa oparesheni inakuwa ngumu zaidi bila faida yoyote. Na matarajio yenu yawe kile alichoona gesi ilipoisha, akirudi kwenye namba za daladala mmefanikiwa, lenzi mpya haiwezi kumpa zaidi ya kile retina yake inachoweza.

Kitu kimoja cha kuangalia nyumbani. Mzee anaweza siku moja akashika gazeti akasoma bila miwani na nyumba nzima ikashangilia. Huo ni mtoto wa jicho wa kiini anakua, lenzi ikikakamaa inaupinda mwanga zaidi, karibu panaonekana vizuri na mbali panapotea. Lakini akiona vimulimuli vipya, vidoa vingi kwa ghafla, giza linaloshuka upande, au jicho likiuma sana na kuwa jekundu na uoni ukashuka kwa siku moja, hiyo sio habari ya mtoto wa jicho, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Habari dokta, mimi sikuwekewa gesi nimewekewa mafuta jichoni ni mwezi wa saba sasa. Niliambiwa nirudi yatolewe na kwamba mtoto wa jicho anaweza kuja. Hela sina na naona naendelea vizuri tu, je nikiyaacha? – Dereva, Dodoma

JIBU: Ndugu yangu usiyaache bila kuongea na aliyeyaweka. Mafuta ya silikoni yanaishika retina vizuri ila hayakutengenezwa kukaa milele kwenye macho mengi, kawaida yanatolewa baada ya miezi kadhaa retina ikishatulia. Yakikaa, mtoto wa jicho karibu lazima aje, lakini huyo ndo mdogo wao. Yanaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi, yanaweza kukatikakatika vipovu vidogovidogo na kuharibu kioo cha mbele cha jicho, na hayo mawili yakishatokea mengine hayarudi. Kuna macho machache ambayo daktari anaamua kabisa mafuta yabaki, sasa uamuzi huo uwe wake sio wa mfuko. Nenda hata kama hela haijatimia, presha ipimwe, na uliza kama mafuta na lenzi vinaweza kutolewa siku moja, mara nyingi inawezekana na inakupunguzia gharama ya kwenda mara mbili. Kama hospitali ina ofisi ya ustawi wa jamii pita pale, usione haya, watu wanasaidiwa.

Na kwa waliowekewa gesi, kwa kuwa nimeulizwa na wengine watatu, msipande ndege mpaka daktari aseme imeisha. Gesi inatanuka hewa ya nje ikiwa nyepesi na presha ya jicho inapanda mpaka mtu anaweza kupofuka. Ile inayoitwa SF6 inaisha kwenye wiki mbili hivi, C3F8 inaweza kufika miezi miwili. Hata safari ya barabara ya kupanda milima ina shida hiyo, mtu aliyefanyiwa Mombasa akapanda basi kwenda Nairobi amepanda zaidi ya mita 1,600, aulize kwanza. Na ukifanyiwa oparesheni nyingine yoyote ya mwili waambie wa nusu kaputi kwamba una gesi jichoni.

SWALI: Daktari salamu. Mume wangu ana presha ya macho, matone matatu yameshindwa, sasa wanataka kumfanyia oparesheni ya kutoboa njia ya maji. Shemeji yangu anasema ile oparesheni inaleta cataract kwa hiyo akatae. Ni kweli? – Mama wa watoto wanne, Mombasa

JIBU: Dada, shemeji kasema ukweli nusu. Hiyo oparesheni ya kutoboa njia ya maji, inaitwa trabekulektomi, inaongeza uwezekano wa mtoto wa jicho, utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa AGIS uliotoa matokeo yake mwaka 2001 ulikuta hatari imepanda kwa asilimia 78 kwa jumla, na kwa wale ambao oparesheni haikupata matatizo ilipanda asilimia 47. Uvimbe mkali baada ya oparesheni na jicho kulegea maji yakitoka kupita kiasi ndo vinavyochangia zaidi, kwa hiyo kliniki za wiki za mwanzo asikose hata moja.

Lakini weka mizani mezani. Uoni ulioliwa na presha ya macho haurudi, sio hapa sio ulaya, mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa umekufa. Uoni uliofunikwa na mtoto wa jicho unarudishwa kwa lenzi mpya. Anayekataa oparesheni kwa kuogopa mtoto wa jicho anachagua ugonjwa usiotibika kukwepa unaotibika, na mimi nimeona wanaume wengi wakipofuka kwa ushauri wa shemeji. Mwambie akubali dada yangu, nakuomba. Baadaye mtoto wa jicho akija aende kwa daktari anayejua ile njia iliyotobolewa, kwa sababu kumtoa mtoto wa jicho kunaweza kuifanya ile njia izibe tena na presha inahitaji kufuatiliwa upya.

SWALI: Mambo dokta, mi niko Mwanza ni bodaboda. Nilitolewa kinyama kwenye jicho mwaka juzi, nikapewa dawa ya matone ikawa inanisaidia sana wekundu unaisha faster, ikiisha naenda duka la dawa nanunua nyingine mpaka leo. Jamaa kaniambia oparesheni ya kinyama inaleta mtoto wa jicho maana naanza kuona ukungu kwenye jua. Nina miaka 29.

JIBU: Mdogo wangu, oparesheni ya kinyama inafanyika juu juu ya jicho, haifiki kwenye lenzi. Ninachokiogopa ni hiyo chupa. Kasome jina lake sasa hivi. Kama imeandikwa dexamethasone, prednisolone au betamethasone, ata kama imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu, hiyo ni steroidi, na steroidi ikitumika miezi na miaka inaleta mtoto wa jicho wa nyuma ya lenzi, yule ambaye anamsumbua mtu kwenye mwanga mkali kuliko kivulini, kama wewe unavyosema kwenye jua. Anaweza kumpata mtu wa umri wowote. Na baya zaidi inapandisha presha ya jicho kimya kimya, jicho haliumi, haliwi jekundu, linaonekana zuri tu huku mshipa unakufa.

Dawa yenyewe sio mbaya, baada ya oparesheni ya jicho inahitajika kutuliza uvimbe, ila inaandikwa kwa wiki kadhaa na kupunguzwa taratibu huku daktari akipima presha. Wewe usiikate leo kwa hasira wala usinunue nyingine, nenda kliniki ya macho wiki hii na hiyo chupa mkononi, wapime presha, waangalie lenzi na mshipa. Vumbi, upepo na jua ndo vinavyokurudishia wekundu, vaa miwani ya kukinga ukiwa barabarani, hiyo inakusaidia kuliko tone. Na akina mama ambao watoto wenu wana mzio wa macho wanajikuna mwaka mzima, hili linawahusu kabisa, nimeona mtoto wa shule ya msingi akiwa na mtoto wa jicho macho yote kwa sababu ya chupa za duka la dawa, mama yake alikuwa anadhani anamsaidia.

SWALI: Nyanyangu alitolewa cataract miaka mitatu iliyopita akawa sawa kabisa, sasa anasema ukungu umerudi. Inawezekana mtoto wa jicho akarudi? Au hawakuitoa yote? – Mjukuu, Kilifi

JIBU: Mpe nyanya salamu zangu. Mtoto wa jicho harudi, lenzi ilishatoka na aliyonayo ni ya plastiki, haiingii ukungu namna ile. Ila daktari anaacha kifuko chembamba cha lenzi ya zamani ili lenzi mpya ikae ndani yake, na chembe zilizobaki zinaweza kuota taratibu nyuma ya kifuko na kukifanya kiwe cheupe. Ni jambo la kawaida na sio kwamba hawakutoa vizuri, kwa watoto wadogo ndo karibu hutokea kwa wote mpaka madaktari wanakitoboa kabisa kifuko siku ile ile ya oparesheni.

Tiba yake ni mionzi ya leza inayoitwa YAG. Nyanya anakaa kwenye kiti, anawekewa tone la ganzi, kidevu kwenye mashine, leza inafungua tundu dogo katikati ya kifuko, dakika chache tu, hakuna kisu wala kulazwa, wengi wanaona tofauti siku hiyo hiyo au kesho yake. Kabla ya leza daktari ahakikishe kwamba ukungu ni wa kifuko kweli na sio presha ya macho au retina, kwa umri wake vyote vinawezekana. Akishafanyiwa ataona vidoa vinaelea siku kadhaa, hivyo vinapungua. Vikiongezeka badala ya kupungua, au akaona vimulimuli, mrudisheni bila kungoja siku ya kliniki.